Utepe Usiokatika wa Metro ya Kamenolug

Mheshimiwa Gavana wa Mkoa, ambaye hayupo lakini kiti chake kipo na tumekifuta theluji. Mheshimiwa Mwakilishi wa Gavana, ambaye naye amemtuma mwakilishi, na mwakilishi huyo amepiga simu. Waheshimiwa Wakuu wa Idara, Wakuu wa Idara Ndogo, na Wakuu wa Idara ambazo bado hazijapata kazi lakini zimeshapata ofisi. Ndugu Mkurugenzi wa Kiwanda cha Mikanda ya Parachuti, fahari ya mji wetu. Ndugu mpiga picha wa televisheni ya mkoa, ambaye namwomba asipige upande huu wa uso kwa sababu ya jino. Ndugu wananchi wa Kamenolug, na ninyi wa Ng'ambo mliovuka mto Chulma asubuhi hii kwa miguu yenu wenyewe, jambo ambalo kuanzia leo litasimuliwa na mababu. Mabibi, mabwana, maveterani, wastaafu, wanafunzi mliopewa ruhusa ya kutosoma. Na wewe Mzee Nikifor, unayevua samaki ndani ya ukumbi wa wageni mashuhuri. Itifaki imezingatiwa, na pale ilipopungua imeagizwa.

(Makofi. Yanasikika kama mtu anakung'uta godoro, maana wote wamevaa glavu za sufu. Mzee Nikifor hapigi makofi. Ana ndoano mkononi.)

Kwa wale wachache wasionifahamu, na nitataka majina yao, mimi ni Gennady Ippolitovich Burdukov, Naibu Meya anayeshughulikia Uchukuzi, Mandhari na Mambo ya Chini ya Ardhi, mwenyekiti wa kamati saba, mlezi wa timu ya magongo ya barafu ya wanawake, na mtu wa kwanza katika historia ya mji huu kusema neno "metro" kwenye kikao bila kucheka. Sisemi hivyo ili nijisifu. Kujisifu si kazi yangu, kuna ofisa aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, lakini leo anaumwa, kwa hiyo nalazimika kumsaidia.

Ndugu zangu, tumesimama wapi? Tumesimama juu ya daraja. Na juu ya daraja hili kuna nini? Kuna kituo cha metro.

(Watu wanaangalia chini. Chini kuna barafu, na chini ya barafu kuna mto. Wanaangalia juu. Juu kuna mlingoti mmoja uliochomekwa kwenye barafu, na kwenye mlingoti herufi M kubwa nyekundu. Nyuma ya mlingoti kuna ukuta wa mbao nyembamba uliochorwa nguzo za marumaru, na nyuma ya ukuta kuna upepo.

"Hiyo M ni ya duka langu," anasema mama mmoja muuza maziwa. "Toka juzi duka langu linasomeka 'aziwa'. Watu wanapita wanadhani nimeuza biashara."

"Vumilia, mama," anasema polisi. "Umechangia maendeleo."

"Nimechangia lini? Nilikuwa nimelala.")

Mwaka juzi, mbele ya Mheshimiwa Gavana na mbele ya mashahidi, nilitamka kwa kinywa changu kwamba Kamenolug itakuwa na kituo cha metro, na kituo hicho kitakaa juu ya daraja, na daraja hilo litakaa juu ya mto. Wapo waliocheka. Wapo waliosema, metro hukaa chini ya ardhi kama viazi, itakaaje juu ya maji? Wapo waliokwenda mbali zaidi wakauliza daraja lenyewe liko wapi. Leo nawauliza hao hao: ninyi wakosoaji, mmesimama juu ya nini?

("Barafu," anasema mtu.

"Nani kasema?" anauliza polisi.

"Barafu yenyewe.")

Tulianza na dira. Dira ikazaa mkakati, mkakati ukazaa mpango kazi, mpango kazi ukazaa kamati, na kamati ikajifungua salama kamati ndogo, ambayo ilitumwa kusini kujifunza metro za wenzetu na mpaka leo inaendelea kujifunza, kwa kuwa huko kuna joto na bahari. Kwa njia shirikishi na mtambuka tukafanya upembuzi yakinifu, na upembuzi huo ukatuonyesha jambo ambalo wahandisi wa dunia nzima wamelipita kama mlevi anavyolipita lango la nyumba yake: asilimia tisini na saba ya madaraja yote yaliyowahi kuanguka yalikuwa na nguzo. Sasa mimi, mtoto wa Kamenolug, nikajiuliza, je, tukiziondoa nguzo, itaanguka nini? Nikaziondoa. Daraja hili halina nguzo hata moja. Liko sawasawa, limelala kifudifudi kutoka ukingo hadi ukingo, na upana wake ni sawa na urefu wa mto, jambo ambalo hakuna daraja duniani linaloweza kujivunia.

(Makofi. Kitu fulani chini ya miguu kinasema "kyuuu" kama mlango wa ghala. Safu ya mbele inapiga makofi na kurudi nyuma hatua chache kuelekea ukingoni.)

Asanteni. Naona mnanipisha. Unyenyekevu wenu unanigusa.

Nimesikia pia manung'uniko kuhusu maji. Kwamba kituoni kuna maji, kwamba viatu vinaloa. Ndugu zangu, tuko mwishoni mwa Aprili, jua limetoka, na sakafu ya kituo cha kisasa inapaswa kuoshwa. Imeoshwa. Mngekuta vumbi mngesema Burdukov ni mchafu, mmekuta maji mnasema Burdukov anazamisha watu. Binadamu huyu aridhishwe kwa lipi?

Tazameni kule ukingoni mlikoshukia. Mbao zile ndefu zilizomwagiwa maji yakaganda, ambazo maadui wa maendeleo wanaziita bembea ya watoto ya kuteleza, ni ngazi zetu za kujiendesha. Hazili umeme. Hazipigi kelele. Hazijawahi kukwama. Zinashuka tu. Kupanda ni awamu ya pili.

(Bibi mmoja wa Ng'ambo aliyechelewa mjini anashuka kwa ngazi hizo akiwa amekalia mkoba wake, anapita katikati ya wakuu wa idara kama mpira wa magongo, anasimama miguuni pa Mheshimiwa Burdukov na kumkabidhi sahani ya mkate na chumvi, heshima ya kimila kwa mkubwa, ambayo haikumwagika hata chembe.

"Pokea, mwanangu," anasema. "Na uniambie basi, ng'ombe wangu yuko upande ule. Jioni nani atanivusha nikamkamue?"

"Metro, bibi."

"Inapita saa ngapi?"

Mheshimiwa anamega mkate, anauchovya kwenye chumvi, anatafuna kwa muda mrefu sana.)

Mkate mzuri. Tuendelee. Kuna wanaosema kituo kimoja si metro. Haya ni maneno ya watu waliozoea kupotea. Mwenye kituo kimoja hapotei njia. Hapitilizi. Hasinzii akaja kuamshwa na mfagiaji mwisho wa reli. Tangu tuanze, idadi ya abiria walioshuka kituo kisicho chao ni sifuri, ajali ni sifuri, wizi wa mifukoni ndani ya mabehewa ni sifuri, na malalamiko kuhusu treni kuchelewa yamepungua kwa asilimia mia moja na nne. Hiyo nne ya ziada ni akiba. Treni yenyewe iko njiani.

("Njia gani?" anauliza Mzee Nikifor bila kuinua kichwa kutoka kwenye tundu lake.

"Njia za kiutawala," anajibu katibu wa Mheshimiwa, Rimma Pavlovna, ambaye ameshika kurasa za hotuba kwa mkono mmoja na kofia ya Mheshimiwa kwa mkono mwingine.)

Sasa nifike kwenye jambo zito, na naomba watoto washikwe. Maendeleo ni kama meno: jipya halioti bila la zamani kung'oka. Pale ukingoni, juu ya magogo, mnaiona feri Zarya. Imetuvusha miaka mingi, hatukatai, kila mwaka kuanzia barafu inapoondoka mpaka inaporudi. Lakini inanuka dizeli, inapiga honi wakati wa vikao, na nahodha wake hana heshima. Kwa hiyo, kwa agizo nililolisaini kwa kalamu mbili, kwa kuwa ya kwanza iliganda, mara tu utepe wa kituo hiki utakapokatwa, feri Zarya itakoma kuwa feri. Itakuwa chuma chakavu. Lile lori lenye winchi mnaloliona linanguruma kando yake halikuja kuangalia sherehe.

(Kutoka kwenye nguzo nene ya chuma ambayo feri hufungiwa, anasikika mwanamke mwenye koti la baharia na sauti iliyozoea kushindana na injini. Ni Klavdia Savelyevna, nahodha wa Zarya, ambaye mji wote humwita Shangazi Klava.

"Gena."

"Klavdia Savelyevna, leo mimi ni Mheshimiwa."

"Haya, Mheshimiwa Gena. Watu wa Ng'ambo wamekuja kwa miguu kwa sababu uliwatangazia pilau ya bure. Barafu ikiondoka, watarudi na nini?"

"Na metro."

"Ipi?"

"Maswali mwishoni."

"Na mwezi ujao mtoto akishikwa na homa upande ule, daktari yuko upande huu, atavuka na nini?"

"Nimesema mwishoni. Kuna utaratibu."

"Tulikaa dawati moja, Gena. Hata hesabu ulikuwa unanakili kwangu, na bado ulikuwa unakosea."

Kicheko. Polisi anacheka, anakumbuka kazi yake, anaacha.)

Nitayapuuza hayo, kwa kuwa mti wenye matunda ndio upigwao mawe, na mimi, ndugu zangu, nimejaa matunda mpaka naelemewa. Twende kwenye utepe.

Utepe huu mwekundu, unaoanzia kwenye nguzo ya feri alipoegemea huyo mama na kuja mpaka kwenye mlingoti wa M hapa nilipo, ndio mrefu kuliko wote uliowahi kukatwa mkoani. Wenye nongwa wanasema Rimma Pavlovna aliagiza mita mia mbili badala ya sentimita mia mbili. Si kweli. Rimma Pavlovna aliona mbali. Umefumwa na kiwanda chetu wenyewe, kwa uzi ule ule wa mikanda ya parachuti, ili ulimwengu ujue kwamba Kamenolug haina vitu vya kuchanika ovyo. Rimma, mkasi.

(Mkasi unaletwa juu ya mto mdogo wa hariri. Umepakwa rangi ya dhahabu mpaka kwenye makali. Mheshimiwa anatabasamu upande usio na jino bovu. Anakata. Utepe haukatiki. Anakata tena. Mkasi unatafuna utepe kama bibi asiye na meno anavyotafuna nyama kavu.

"Mkanda ule," anasema Mkurugenzi wa Kiwanda kwa fahari, "tunashushia vifaru kutoka angani."

"Ungeniambia mapema."

"Hukuuliza, Gennady Ippolitovich. Uliuliza kama ni mwekundu.")

Kitendo mlichokiona, ndugu wananchi, kinaitwa kukata kwa majaribio. Kukata kwenyewe kutafuata baada ya safari ya uzinduzi. Ndiyo, safari. Mimi na wageni wangu tutapanda, kwa maana ya kiutawala, behewa la kwanza. Na kwa kuwa sisi si watu wasio na mila, na hakuna mtu wa mji huu aliyewahi kutoka hata kwenda kwa mkwewe bila kukaa kidogo kwanza, naomba wote tukae. Tukae kimya kabla ya safari, kama mama zetu walivyotufundisha, ili njia iwe nyoofu. Mzee Nikifor, nisogezee sanduku lako.

("Lina samaki," anasema Nikifor.

"Nitakaa taratibu.")

(Wanakaa. Wakuu wa idara wanakalia mikoba yao. Bibi wa Ng'ambo anakalia mkoba wake ule ule. Wanafunzi wanakaliana. Mheshimiwa anakalia sanduku la samaki, anafumba macho ili apigwe picha akiwa na uzito. Hakuna anayesema neno. Toka asubuhi kipaza sauti kimekuwa kikinguruma, bendi ikipuliza, lori likitetema. Sasa hata dereva wa lori amezima injini, kwa sababu naye ana mama.

Na ndani ya kimya hicho ndipo mto unaposikika.

Kwanza unasikika mbali, juu kule kwenye kona, kama mtu anavuta kabati sakafuni. Kisha karibu, chini kabisa ya makalio ya serikali, unasikika kama gogo linapasuliwa kwa shoka moja. Watu wa Chulma hawahitaji tafsiri. Toka utotoni wanaijua sauti hiyo. Ndiyo inayowaamsha kila mwaka barafu inapovunjika, ndiyo wanayowekeana dau la chupa ya pombe, itasikika lini. Shangazi Klava anainua mkono mmoja na kuukunja kuelekea kwake, basi.

Wanainuka wote. Hakuna anayekimbia, hakuna anayepiga kelele, maana kuvunja kimya cha safari ni mkosi. Wamevaa viatu vya sufu iliyopigwa, na kiatu cha sufu juu ya barafu yenye maji hakina mlio zaidi ya wa paka. Bibi wa ng'ombe anainuliwa na wanafunzi wawili kama kabati la kioo. Rimma Pavlovna anaondoka na kofia na kurasa za mwisho za hotuba. Mpiga picha hahitaji kuondoka. Tangu mwanzo alisimama ukingoni, alisema ni kwa ajili ya mwanga.)

Amina, na njia iwe nyoofu. Sasa, ndugu zangu, napenda…

(Anafumbua macho. Kituoni yuko yeye, Mzee Nikifor, sahani ya mkate, na kiti cha Gavana. Watu wote wako ukingoni wamepanga safu kama mbayuwayu juu ya waya. Kati yake na wao kuna maji, meusi, ya upana wa barabara ya vijijini, na barabara hiyo inapanuliwa.)

Ndugu wananchi. Naona mmesogea. Napenda niwahakikishie kwamba kinachotokea ni sehemu ya… Rimma, ukurasa.

("Ninao huku," anasema Rimma Pavlovna.

"Nisomee."

"'Na sasa,'" anasoma Rimma Pavlovna, "'huku tukisikia chini ya miguu yetu uimara wa daraja letu.'"

"Inatosha.")

Kinachotokea ni kwamba kituo kimeanza kazi. Wenzetu wa miji mikubwa wana treni inayoondoka na kituo kinabaki. Hiyo ni teknolojia ya zamani. Sisi… Nikifor, hiki kitu kinakwenda wapi?

("Kaskazini," anasema Nikifor. "Baharini, baadaye. Usitikisike, samaki wameanza kula."

Utepe mwekundu unainuka kutoka majini. Unanyooka. Unalia kama uzi wa gita. Upande mmoja umefungwa kwenye nguzo ya feri, upande mwingine kwenye mlingoti wa M, na katikati yake hakuna kitu kingine chochote kinachoishikilia serikali. Kipande cha barafu kinasita, kinajizungusha, kinasimama.

"Umeshika," anasema Mkurugenzi wa Kiwanda, na anafuta jicho.)

Klavdia Savelyevna. Kwa mamlaka niliyonayo, nakuagiza ushushe feri majini sasa hivi uje unichukue.

("Feri ipi, Mheshimiwa?"

"Zarya."

"Zarya ni chuma chakavu. Nimesikia kwenye hotuba."

"Itakuwa chuma chakavu utepe ukikatwa. Utepe haujakatwa."

"Kumbe. Basi kata, tumalize sherehe. Watu wana njaa."

"Hata ikiwa feri, haiwezi kushuka mpaka barafu yote ipite," anaongeza dereva wa lori, ambaye amekwisha kushuka na kusimama upande wa Klava. "Kila mtoto anajua hilo."

"Mtoto anajua," anasema Klava. "Lakini tunaweza kuvuta utepe. Tuko wengi. Ila mtu havuti kitu ambacho kesho kinamnyang'anya njia ya kwenda kwake. Mikono inakuwa mizito, Gena. Unaelewa mambo ya mikono."

Mzee Nikifor anatoa kisu kwenye buti na kukiweka juu ya goti la Mheshimiwa. "Hiki hukata kamba ya nyavu iliyoganda," anasema. "Huo utepe kitaupita kama siagi. Toka asubuhi ulikuwa unatafuta cha kukatia."

Mheshimiwa anakitazama kisu. Anautazama utepe. Anakichukua kisu kwa vidole viwili na kumrudishia mwenyewe, akitanguliza mpini, kama mtu anavyomrudishia mwenzake mtoto aliyelowa.)

Ndugu wananchi. Hotuba hii ilikuwa na kurasa nyingine, lakini ziko ng'ambo ya maji, kwa hiyo nitasema bila karatasi, jambo ambalo sijalifanya tangu nilipomposa mke wangu, na siku ile pia nilikosea jina.

Natangaza kwamba utepe huu haujakatwa. Hautakatwa leo, hautakatwa kesho. Atakayeonekana na mkasi karibu na utepe huu atachukuliwa hatua. Kwa kuwa haujakatwa, feri Zarya ni feri, ilikuwa feri, na itaendelea kuwa feri, pamoja na dizeli yake na honi yake. Barafu ikipita ishushwe, iwarudishe watu wa Ng'ambo makwao, na mpaka hapo walale katika majumba ya mji, na pilau niliyoiahidi ipikwe kweli. Lori liondoke.

("Sikusikia hapo," anasema Shangazi Klava. "Na nadhani kamera ilikuwa inaangalia bata."

"Ilikuwa inaangalia bata," anakubali mpiga picha.)

Feri ni feri. Bata wanisikie na wao. Lori liondoke, na mimi nivutwe.

(Dereva anapanda lorini, analigeuza, lakini haondoki: anafunga winchi kwenye utepe. Wanafunzi wanashika. Wauza maziwa wanashika. Wakuu wa Idara wanashika, kila mmoja akiangalia nani yuko mbele yake. Shangazi Klava anahesabu kwa sauti ya kazi, na kila anapofika tatu, serikali inasogea kidogo kuelekea kwa wananchi.)

Wakati mnaendelea kuvuta, na msiache, nitoe shukrani.

Kwanza namshukuru mkandarasi wetu mkuu, Bwana Baridi, aliyetujengea daraja hili kwa miezi mitano bila zabuni, kama anavyolijenga kila mwaka tangu kabla ya babu zetu, na ambaye leo muda wake umekwisha. Nawashukuru wahandisi wa mradi, ambao hawakuwahi kuajiriwa. Nawashukuru wachoraji wa ramani, ambazo hazikuwahi kuchorwa. Naishukuru treni, ambayo haiko njiani, kwa kuwa hakuna njia. Vuteni, ndugu zangu, maji yananifikia.

Namshukuru mama wa maziwa kwa M yake. Na kwa namna ya pekee namshukuru Mheshimiwa Gavana, ambaye mwaka juzi kwenye karamu ya kuzaliwa kwake nilikuwa mtu wa mwisho mezani kuinua glasi. Kila mtu alikuwa ameshakunywa kwa ajili ya kila kitu: afya, amani, mama wa Gavana, samaki wa Gavana. Mimi nikasimama, kichwani hamna kitu, dirishani naona mto, ukutani kuna kalenda yenye picha ya metro. Nikasema, "Tunywe kwa ajili ya kituo cha metro juu ya daraja la mto wetu." Wakanywa. Mmelelewa hapa, mnajua: ahadi iliyokwisha nywewa haitapikwi. Gavana akaweka glasi chini akaniuliza, "Lini?" Nikasema baada ya miaka miwili, kabla mto haujafunguka. Huo ndio mradi wote, ndugu zangu. Hakuna ukurasa mwingine.

("Ungesema tu," anasema Shangazi Klava, bila kuacha kuvuta.

"Ningesema nini, Klava? Kwa Gavana?"

"Kwamba ulikuwa umelewa. Angekuelewa. Naye alikuwa amelewa."

Mheshimiwa anafikiri. Ni wazi kwamba jambo hili halikuwahi kumjia.)

Mwisho, namshukuru Klavdia Savelyevna kwa hesabu alizonipa tangu darasa la tatu. Metro oyee.

("Oyee," anasema Mzee Nikifor peke yake, kwa adabu.)

Feri oyee.

(Hapo wanaitikia wote, na kwa nguvu ya kuitikia huko barafu inagonga ukingo. Mheshimiwa anaruka. Kiatu kimoja cha sufu kinabaki upande wa pili wa maamuzi yake. Anaangukia begani kwa Klava, ambaye anamsimamisha, anamgeuza aangalie watu, na kumvalisha kofia.

Mzee Nikifor anashuka wa mwisho na sanduku lake. Kabla ya kushuka anafungua fundo la utepe kwenye mlingoti, kwa meno, maana hakuna anayetaka kusikia habari ya kukata. Mama wa maziwa anapiga kelele, "M yangu," lakini amechelewa. Kipande cha barafu kinajitoa taratibu, kinageuka, kinashika mkondo: M nyekundu, nguzo za marumaru za kuchorwa, kiti cha Gavana kikiwa kimetazama mbele, na kiatu kimoja.

Kituo kinaondoka kuelekea kaskazini. Abiria wote wamebaki, na wanakwenda kusaidia kusukuma Zarya karibu na maji, isubiri barafu ipite.)